Maneno ya Chombo na Watu wa Milimani

Kiswahili kilipanda Uluguru kwa miguu. Kililetwa na wapagazi na wafanya biashara wa misafara iliyotoka Bagamoyo. Kikaletwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliojenga Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882. Kisha kikaja kwa gari la moshi, reli ilipofika Morogoro mwaka 1907. Kwa hiyo maneno ya mzigo, ya njia, ya kambi, ya soko na ya baraza yote yalifika, nayo yamekuwa mali ya Mluguru sawasawa na mali ya mtu wa Mrima. Lakini liko fungu moja la maneno lililobaki pwani pamoja na bahari yenyewe, nayo ni maneno ya chombo cha matanga.

Mtu aweza kuuliza: Je, wale wa kwanza waliokileta Kiswahili hawakuivuka bahari? Waliivuka. Wengi wa wakazi wa kwanza wa vijiji vya misheni walikuwa watu waliokombolewa Unguja, wakapelekwa Bagamoyo tangu mwaka 1868, hata kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873. Lakini walikuwa wamevushwa bahari wakiwa shehena, si mabaharia. Na mtu aliyelazwa chini ya chombo hajifunzi jina la kamba.

Basi mwalimu wa Mgeta au wa Matombo, akifika katika somo lenye habari ya mashua, husema ya kwamba tanga ni kitambaa na nanga ni chuma, kisha hupita upesi. Darasani kosa hilo si kubwa. Lakini hutokea kwamba kijana wa milimani ashuka pwani kutafuta kazi, akaingia katika mashua ichukuayo boriti au chumvi au samaki, akapewa kamba mkononi siku ile ile. Hapo neno asilolijua laweza kumtia yeye na wenzake majini. Kwa sababu hiyo nimeona vema kueleza hapa safari fupi, ile ya kutoka Bagamoyo hata Unguja, jinsi inavyokwenda kama nahodha ni mmoja na mabaharia wake ni watu wa bara, na kuyaeleza maneno kila moja mahali pake.

Kwanza tuseme habari ya maji, kwa kuwa hayo si mageni kwa Waluguru kama wanavyodhani. Mto Ruvu, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kingani, chemchemi zake zatoka katika milima ya Uluguru. Mgeta na Ngerengere huingia humo. Na mlango wake waingia baharini karibu na Bagamoyo, upande wa kaskazini ya mji. Wakati wa masika mto huo huchukua udongo wa mashamba ya milimani na kuumwaga baharini, na maji ya mbele ya mlango huwa mekundu. Baharia ayaonaye hujua yuko wapi, tena hujua ya kuwa mafungu ya mchanga hayako mbali. Kijana wa Uluguru akiambiwa kwamba udongo ule ni wa kwao, nadhani ataikumbuka alama hiyo kuliko nyingine zote.

Lakini mto huenda upande mmoja tu, na bahari huenda na kurudi. Hili ndilo jambo la kwanza limtatizalo mtu wa bara. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na kila siku hukawia kama dakika 50 kuliko jana. Neno lenyewe la pwani latoka katika kupwa, yaani mahali panapopwa maji. Na watu wengi hulitamka maisha yao yote bila kuwaza maana yake. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake yapata meta 4. Hayo ndiyo bamvua. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Ufuko wa Bagamoyo hauna kina, na maji yakipwa, vyombo hubaki mchangani vimelala ubavu, na mtu huweza kutembea mbali kwa miguu kabla ya kufikia maji. Chombo kilichoachwa hivyo bila kutaka kwake, husemwa kimepwelewa. Hapo hapana shauri ila kungoja maji, wala hasira ya nahodha haisaidii neno.

Siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Ndiyo saa njema ya kuondoka Bagamoyo alfajiri, kwa kuwa chombo huelea, tena kabla ya jua kupanda huvuma upepo mwembamba utokao bara, uitwao umande. Neno hilo Mluguru alijua kwa maana ya unyevu wa asubuhi majanini; hapa maana yake ni upepo, nao humsukuma atoke ufukoni pasipo taabu. Jua likipanda umande hufa, na pepo kubwa hushika kazi yao.

Pepo hizo kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, kutoka upande wa kaskazini na mashariki. Kusi huanza Aprili na kuendelea hata Septemba, kutoka upande wa kusini. Katikati ni maleleji, upepo usio na kwao, nao wakati huo huitwa tanga mbili, kwa maana vyombo vyaweza kwenda huku na huku. Unguja iko kaskazini mashariki ya Bagamoyo, kama kilometa 43 kwa njia iliyonyoka. Kwa hiyo mwenye kwenda huko wakati wa kusi huchukuliwa, lakini wakati wa kaskazi huelekea upepo usoni. Kwa kurudi ni kinyume chake: kaskazi humrudisha kwa upesi. Nahodha mwenye mabaharia wageni, kama ana akili, huchagua siku ya kusi iliyo laini, na kwa hakika zaidi ule mwisho wa kusi uitwao demani.

Hapa tumekwisha kukuta neno lenye kutega. Demani ni majira, lakini vilevile ni kamba, tena kamba iliyo hatari kuliko zote chomboni. Tulieleze tanga ndipo tutaelewa.

Mlingoti ni mti uliosimama. Foromali ni mti mrefu unaoning'inizwa juu yake kwa mshazari, ncha moja chini kuelekea omo, ncha moja juu kuelekea tezi. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma. Tanga limefungwa katika foromali. Kamba kubwa ya kuipandishia foromali ni henza. Pembe ya tanga iliyo mbele na chini ni goshi. Pembe ya nyuma hushikwa kwa kamba ile iitwayo demani. Kwa hiyo upande upepo unakotoka huitwa upande wa goshi, na upande upepo unakokwenda huitwa upande wa demani. Mtu wa bara apaswa kujifunza maneno hayo mawili kabla ya mengine yote, kwa kuwa chomboni hapana kuume wala kushoto kwa kazi ya tanga. Upepo ukigeuka, goshi na demani hugeuka nao.

Kuipandisha foromali ni kutweka tanga. Kuishusha ni kutua. Na hapa mwalimu ana bahati, kwa maana mpagazi wa Uluguru anayajua maneno hayo kwa kichwa chake mwenyewe, nasema kichwa kwa kweli. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani, na kutweka ni ndugu yake; kutua ni kuuweka mzigo chini mwisho wa njia. Mwambie kijana ya kuwa mlingoti ni mpagazi na tanga ni mzigo wake, naye hatasahau tena lipi ni la juu na lipi ni la chini. Mimi naona katika maneno haya mawili alama ya ukale wa ubaharia wetu. Nahodha ni neno la Kiajemi, maana yake bwana wa chombo. Bandari na serahangi pia ni ya Kiajemi. Baharia, usukani na dira ni ya Kiarabu. Na matlai, ule upepo wa asubuhi utokao mashariki, latoka katika neno la Kiarabu la maawio ya jua. Hayo ni majina ya vyeo na vyombo. Lakini vitendo, yaani kutweka, kutua, kukaza, kulegeza, kujaa, kupwa, ni vya Kibantu. Mikono ilikuwa ya hapa hapa, ijapokuwa cheo kilipewa jina la kigeni. Mwenye kutaka kuyafuata maneno haya kwa undani atayakuta katika kamusi kubwa ya Padre Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo miaka mingi, iliyopigwa chapa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941.

Sasa turudi kwa ile kamba. Mtu wa milimani hufunga mzigo wake kwa nguvu sana, kwa sababu mzigo ukilegea katika njia ya mteremko, ndizi zote huenda bondeni. Hiyo ni desturi njema katika Uluguru, bali chomboni ni mauti. Akipewa demani, atazungusha kamba katika boriti na kuifunga fundo gumu, kisha ataketi kwa furaha akidhani amefanya kazi ya kupendeza. Mara upepo ujapo kwa dharuba, nahodha hupiga kelele, «Legeza demani!» Naye huanza kulihangaikia fundo kwa kucha zake, na fundo lenye maji halifunguki, na chombo kinalala ubavu na kuteka maji. Demani hushikwa mkononi, imezungushwa mara moja au mbili tu ili mti uchukue sehemu ya uzito. Au ikilazimu kufungwa, hufungwa kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvutwa mara moja. Kama ningeruhusiwa kumfundisha kijana wa bara neno moja tu la ubaharia kabla hajapanda chombo, ningechagua hili.

Neno la pili la hatari ni kupindua. Mtu yeyote wa Morogoro ajua ya kuwa kupindua ni kugeuza chini juu, na gari likipinduka watu huumia. Lakini nahodha akisema pindua, maana yake ni kukigeuza chombo kipokee upepo kwa ubavu wa pili. Si ajabu mgeni akishikwa na hofu, akadhani chombo kinazama. Tena kazi yenyewe ni ngumu. Chombo cha tanga la namna hii kwa kawaida hakigeuzi omo katika upepo, bali hugeuza tezi, na hii huitwa kupindua kwa demani. Msukani hukiacha chombo kianguke mpaka upepo uje kwa nyuma. Demani hulegezwa yote. Watu wa mbele huisimamisha foromali karibu na mlingoti, na mmoja huichukua demani, akapita nayo mbele ya mlingoti hata upande wa pili. Tena henza, ambayo hushikilia mlingoti kwa upande wa goshi, haina budi kuhamishwa. Kisha hukazwa yote upya. Ikiwa mtu mmoja amechelewa, upepo hulipiga tanga kwa nyuma na kuligandamiza katika mlingoti, na hapo mlingoti huvunjika au chombo hupinduka kwa maana ile ya bara. Kwa sababu hiyo nahodha mwenye wageni huwazoeza jambo hili karibu na ufuko, kukiwa na shwari, mara tatu nne, kabla ya kutoka. Wengine huona haya kufanya hivyo mbele ya watu, kwa kuwa wavuvi walioketi ufukoni hawakosi kucheka. Wacheke. Watu wa Uluguru wamezoea utani wa ukoo na ukoo hata penye matanga ya msiba, nao watajua jinsi ya kujibu.

Basi wameondoka kwa umande, jua limepanda, na kusi limeshika. Ikiwa upepo waja kwa ubavu, hapana kazi ila kumsikiliza msukani. Ikiwa umegeuka na kuja kwa mbele, chombo hukazwa tanga na kwenda joshi, yaani karibu na upepo kadiri kiwezavyo. Na ikiwa hata hivyo hakifiki, ndipo hupiga bisho, huenda upande huu kwa muda, kisha upande ule, kama njia ya kupandia Lupanga, ambayo haiendi moja kwa moja juu bali huzunguka huku na huku. Kitendo chake ni kubisha. Na wasomaji wetu watambue uzuri wa neno hili: abishaye mlangoni huomba kupita, abishaye barazani hukataa kukubali, na chombo kinachobisha hufanya yote mawili kwa upepo.

Mkondo wa kati haupendezi tumbo la mgeni. Hushikwa na kichefuchefu, akalala chini na kusema ataka kufa. Baharia wa zamani humpa kazi ya kufua maji, na hiyo ni dawa kuliko huruma, mradi aangalie mbali wala si miguuni pake. Kufua maji ni kuyachota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje kwa upo, nao ni chombo kidogo kama kata. Maji hayo hukusanyika katika ngama, mahali pa chini kabisa ndani ya chombo. Hivyo yaeleweka ile mithali, Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walimu wengi wa bara huifundisha kwa maana ya kurudi nyumbani tu, nao hawakosi; lakini kwanza ni habari ya kazi. Baharia aweza kutembea mbele na nyuma apendavyo, ngama itamwita, kwa kuwa kila chombo cha mbao huvuja, hata kilichotiwa kalfati vizuri.

Juu ya uzito niseme kwa ufupi, maana jambo lenyewe si la kufichika. Chombo kitupu hutiwa farumi, mawe au mchanga, ili kisiyumbe. Na chombo chenye shehena hakina ruhusa ya kuongezwa kwa sababu ya upole wa nahodha. Mwaka 2011 meli Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na msiba wake ungali katika nyumba nyingi za visiwani. Ilikuwa meli ya injini, ukubwa haukuisaidia.

Mtu atauliza kama inafaa kabisa kuwachukua watu wa bara katika kazi ya namna hii. Jawabu liko katika historia. Mwaka 1864 David Livingstone alikuwa na meli ndogo, Lady Nyassa, iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa, wala si kwa bahari kuu. Aliamua kuipeleka Bombay akaiuze huko. Alikuwa na Wazungu watatu, watu saba wa mto Zambezi ambao hawakuwa mabaharia wa bahari hata kidogo, na vijana wawili. Mmoja wa watu hao alikuwa Susi, na mmoja wa vijana alikuwa Chuma. Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, shwari ikawashika siku nyingi, wakafika Bombay tarehe 13 Juni, kabla dhoruba za masika ya Bara Hindi hazijawapata. Watu wale wa mto walijifunza kamba na matanga njiani, na mwenye meli mwenyewe aliwasifu. Miaka kumi baadaye Chuma na Susi waliongoza msafara ulioichukua maiti ya Livingstone kutoka karibu na ziwa Bangweulu hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na kutoka hapo meli ya kivita Vulture iliivusha hata Unguja, kwa mkondo huu huu tunaoueleza. Tufahamu lakini ya kuwa mwaka 1864 walikuwa na mtu mmoja ajuaye kupima jua na nyota, naye hakuondoka usukanini kwa kiburi wala kwa uvivu. Mabaharia wageni kumi na nahodha mmoja hodari ni chombo; mabaharia wageni kumi na nahodha mgeni ni msiba.

Ukikaribia Unguja, visiwa vidogo hutokea mbele ya mji, Bawe na Changuu, na mbali kwa kusini Chumbe, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Katikati yake yako mafungu na miamba. Hapa mtu mmoja husimama omo na kutazama rangi ya maji: samawi iliyoiva ni kilindi, kijani cheupe ni mchanga, rangi ya kahawia ni mwamba. Ikiwa maji yamechafuka, hutupwa bildi, nayo ni risasi iliyofungwa katika kamba yenye alama za pima. Mwalimu anayesoma sura ya 27 ya Matendo ya Mitume atakumbuka walivyopata pima 20, na mbele kidogo pima 15, wakatupa nanga nne kwa tezi. Watoto wakijua bildi ni nini, watajua pia kwa nini mabaharia wale waliogopa: hesabu ilikuwa inapungua, nao ulikuwa usiku.

Katika bandari tanga hutuliwa mapema, si kwa dakika ya mwisho, kwa kuwa mikono migeni hukawia. Nanga hutupwa, na kamba yake, iitwayo amari, huachwa ndefu: maji yakijaa meta 4, amari fupi huing'oa nanga chini, na chombo huchukuliwa watu wamelala. Mgeni huona ubahili wa kamba kuwa ni busara. Aambiwe mara mbili. Kisha huulizwa saa ya maji ya kesho, kwa ajili ya kurudi, na mwenye kufanya hesabu ya dakika 50 bila kukosea huyo amekwisha kuanza kuwa baharia.